Upupu wa Milimita Saba

Januari, Moravia. Theluji imeziba kidirisha cha ghorofa ya chini,
nami natengeneza kiangazi juu ya meza.

Machicha ya kahawa ya wiki mbili, niliyoyakausha kwenye oveni
hadi Drahomíra akalalamika kuwa mkate wake unanuka mkahawa,
sasa ni udongo.
Majani ya chai niliyoyafikicha kwa vidole
yamepukutika chini ya mitufaha,
na mitufaha yenyewe ni vichwa vya maua ya porini
vilivyojikaukia kando ya reli:
nimevichovya kwenye gundi, nikavinyunyizia sifongo iliyosagwa.
Gundi naizimua kwa maji na tone la sabuni ya vyombo.
Tone moja tu. Bila hilo maji hujikunja shanga shanga,
na nyasi huelea kama ndevu kwenye beseni la kinyozi.

Kila kitu ni moja kwa themanini na saba.
Kituo chetu cha Habrovka kimeenea kwenye mlango mkuukuu:
reli mbili, ghala, bomba la maji, choo cha abiria,
na chumba cha ishara
nilimovuta wenzo miaka arobaini na moja.
Niulize treni yoyote, nitakupa dakika yake.

Nilikuwa nimemaliza, au nilidhani.
Nyasi zilisimama wima, umeme tuli umezinyanyua
kama nywele za mtoto aliyetoka kuvua sweta.
Drahomíra akashuka ngazi na bakuli la supu,
akalitua kwenye rafu, akavaa miwani.

"Pasafi mno."
"Kituo kilikuwa na nidhamu."
"Kituo chako. Na nyuma ya choo je?"
"Nyuma ya choo ni nyasi."
"Nyuma ya choo ni upupu, Vendelín. Upupu mtupu,
kutoka ukutani hadi kwenye lundo la majivu."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake;
kituo usichochezea hujui magugu yake.
Nikachanganya kijani kilichokolea, kijani chenye hasira.
"Urefu?"
"Ulinifika kiunoni."
"Ukiwa na miaka mingapi?"
"Tisa."
Nikapiga hesabu pembeni mwa gazeti:
kiuno cha dada yangu, gawa kwa themanini na saba.
Milimita saba.

Nikaupanda kwa kibano, shina moja moja, jioni nzima.
Hakupanda kurudi jikoni.
Gundi ikiwa bado mbichi, nyeupe kama maziwa,
akachomoa pini kwenye kola yake
na kwa kichwa cha pini akabonyeza
katikati ya upupu, taratibu,
mpaka pakabaki kishimo cha ukubwa wa punje ya dengu.
Akainama, jicho usawa na kishimo.
"Jukwaa linaonekana," akasema. "Lote."

Treni ya saa tisa na dakika kumi.
Mama na sanduku lake la kahawia, kofia imenyooka,
na mimi, kijana wa miaka kumi na saba, wiki ya tatu kazini,
niliyeipa treni njia, maana ratiba ni ratiba.
Jioni ile tulimtafuta Drahomíra mpaka taa zikawashwa.
Akarudi na vipele hadi viwikoni,
akasema ameanguka mtaroni.
Baba akampaka siki.
Tukaamini. Tulikuwa na jambo jingine la kulia.

Kibano kikabaki hewani.
"Ulimwona akipanda?"
"Supu inapoa," akasema,
akachomeka pini yake kolani, akaenda zake.

Niliinywa baridi.
Kabla ya kuzima taa nikainama nami,
shavu kwenye ubao, harufu ya kahawa puani,
jicho pale palipokuwa jicho lake.
Jukwaa, kweli, linaonekana.
Na juu ya jukwaa, upande wa kushoto,
dirisha la chumba cha ishara, waziwazi,
na wenzo.